Katalogi Kuu ya Tepe za Ushujaa

Naanza kwa kuisifu serikali, kwa sababu hapa kwetu hadithi isiyoanza hivyo huwa haifiki mwisho. Serikali yetu ni nzuri. Jina la nchi sitalitaja, si kwa woga, bali kwa kuwa liko mbele ya kamati inayotafuta jina refu zaidi, na mpaka kamati imalize kazi tumeombwa tuseme "hapa kwetu" tu. Basi, hapa kwetu.

Kuna nchi zenye dhahabu na kuna nchi zenye mafuta. Sisi tuna tepe. Nasema zile tepe za nishani, vipande vya hariri vya rangi mbalimbali ambavyo askari huvishwa kifuani, nishani ikining'inia chini yake. Nishani zenyewe za chuma tuliacha kuzitengeneza zamani, chuma kilipoadimika, tukabaki na utepe peke yake, na wataalamu wakatueleza kwamba tangu mwanzo kile chuma kilikuwa mzigo tu. Kiwanda cha Taifa cha Tepe ndilo jengo refu kuliko yote mjini. Hospitali nayo ipo, nyuma yake, kivulini.

Kila utepe unaotoka kiwandani huingizwa katika Katalogi Kuu ya Tepe za Ushujaa. Kitabu hicho hutungwa na Chama cha Wakusanyaji, waungwana wenye miwani na glavu nyeupe ambao hawajapigana vita vyovyote lakini wanavyo vyote majumbani mwao, ndani ya albamu. Naijua Katalogi vizuri kwa sababu ndiyo ninayofundishia. Jina langu Mfaume, mwalimu wa historia, shule ya msingi.

Katalogi haipangi tepe kwa miaka. Kupanga kwa miaka ni ushamba, nchi yoyote inaweza. Katalogi hupanga kwanza kwa upana, milimita kwa milimita. Halafu kwa rangi ya msingi. Halafu kwa michirizi, ukianzia ukingoni. Mwisho kwa ufumaji, kama hariri ni laini au ina mawimbi. Kwa hiyo wanafunzi wangu wanajua kwamba Uhuru ulipatikana mara tu baada ya Kampeni ya Kutokomeza Panya, kwa kuwa vyote viwili ni kijani chenye mchirizi mmoja wa njano, ila utepe wa Uhuru ni mpana kidogo. Mtoto mmoja aliuliza kama panya ndio waliokuwa wakitutawala. Nikampa alama zote, maana mtaala haukatazi.

Na sheria iliyo juu ya sheria zote hapa kwetu ni fupi: jambo lisilo na utepe halikutokea. Kwa sheria hiyo tumeepuka njaa, mafuriko na uchaguzi mmoja.

*

Vita vya Mpakani vilitokea kabla ya utepe wake, na hapo ndipo mateso ya dada yangu yalipoanzia.

Dada anaitwa Mashavu. Alikuwa na mtoto mmoja, Kibwana, mpwa wangu, kijana mrefu wa kuinamia kila mlango, fundi wa kuchomelea mageti, mwenye kupenda maandazi ya jana kuliko ya leo. Walimchukua jeshini ulipozuka ule ugomvi wa kisima kule mpakani. Kisima chenyewe kilikuwa kimekauka, lakini kilikuwa chetu, na jirani zetu nao walisema ni chao. Siku anaondoka alimwambia mama yake, "Mama, baiskeli yangu usimwazime mjomba, anaendesha vibaya." Mjomba ndiye mimi. Nilicheka pamoja nao, nikampa mkono, akaenda zake.

Halafu ikaja simu. Sauti ya mwanamke mwenye adabu zake ilisema, "Mama, hongera na pole. Kijana wako amekuwa shujaa. Yuko salama ghalani."

Nataka nieleze wazi hapa dada yangu alikuwa anataka nini, kwa sababu baadaye wakubwa wengi walidai hawakuelewa. Alitaka kumzika mtoto wake. Hakutaka fidia wala hotuba, wala hakutaka mtaa upewe jina la Kibwana. Alitaka kaburi kando ya kaburi la baba yake Kibwana, nyuma ya msikiti wa mtaani kwetu, ili ajue mwanawe kalala wapi. Ni hilo tu.

Tukafunga safari mpaka Ghala la Taifa la Heshima, huko jiji kuu. Mkuu wa ghala alikuwa Kapteni Ndimbo, mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza. Alimletea dada kiti kwa mikono yake mwenyewe.

"Mama, kijana wako yupo," alisema. "Sanduku zuri, mbao ngumu. Serikali haipotezi mbao, kila mmoja kachongewa la kipimo chake. Ila limepigwa lakiri hukohuko mpakani na halifunguliwi. Mabomu ya siku hizi, mama, usiombe kuona."

"Siombi kuona, baba. Nipeni tu nikamzike."

"Hana utepe."

"Nitamzika hivyohivyo."

"Sikiliza, mama yangu. Akitoka humu bila utepe, watu watauliza kafa katika vita gani. Hakuna vita hivyo, kwenye Katalogi havimo. Na kama hakuna vita, huyu kafaje? Polisi itabidi wafungue jalada la mauaji. Na wa kwanza kuhojiwa ni yule aliyekutwa na maiti. Sasa huyo si ndio wewe?"

Alisema kwa huruma, na mpaka leo naamini ilikuwa huruma ya kweli. Dada aliuliza utepe utakuwa tayari lini. Kapteni akatazama dari, akasema Kamati ya Rangi inakutana, na wafiwa wamepewa kiti kimoja.

*

Kiti hicho alipewa dada yangu. Mimi niliingia kama msindikizaji, nikawekwa karibu na birika la chai.

Kamati ilikuwa na watu wazito. Alikuwepo Waziri wa Tepe na Kumbukumbu, Mheshimiwa Makorongo, ambaye kifua chake chote kilikuwa kimeshajaa na tepe za karibuni zilikuwa zimeanza kushuka mkononi. Alikuwepo Inginia wa Kiwanda. Na alikuwepo Bwana Rukonge, Mwenyekiti wa Chama cha Wakusanyaji, mzee mwembamba aliyekula sambusa bila kuvua glavu.

"Ndugu wajumbe," Waziri alianza, "damu ya vijana wetu imemwagika, na kwa desturi tungetumia nyekundu. Lakini tusidanganyane. Nyekundu tumeimaliza. Nyekundu tupu ni Mapinduzi. Nyekundu na nyeupe ni Mapinduzi ya Kurekebisha Mapinduzi. Nyekundu na nyeusi ni Mkutano wa Mawaziri wa Maji. Lazima tuukabili ukweli kishujaa: vijana hawa wamekufa wakati rangi zimekwisha."

Makofi yalipigwa. Mjumbe mmoja alitoa leso.

Bwana Rukonge alipendekeza zambarau. Inginia akamkumbusha kwamba zambarau ni Siku ya Kuzaliwa Mke wa Rais. Ikapendekezwa kijivu, kijivu ikaonekana inaweza kuwavunja moyo watakaokufa baadaye. Mtu akauliza kama vita vingeweza kuahirishwa. Akajibiwa kwa upole kwamba vimeshapiganwa. Akasema, "Basi niliuliza tu kwa ajili ya kumbukumbu."

Ndipo Waziri akamgeukia dada. "Mama wa Mashujaa, una dakika moja."

Dada alisimama. Alikuwa amejiandaa njia nzima, alikuwa na maneno mengi mazuri, nilimsikia akiyarudia ndani ya basi. Yote yakampotea.

"Fungeni chochote," alisema. "Fungeni kamba. Fungeni kanga yangu hii. Nipeni mtoto."

Katibu aliandika, tena aliyasoma kwa sauti ili tuhakiki: "Mjumbe amependekeza kamba. Hoja imeanguka kwa kukosa upana unaotambulika."

Alipoketi aliificha mikono ndani ya kanga. Niliacha birika langu nikaenda kuchuchumaa karibu yake. Sambusa yake ilikuwa palepale sahanini, haijaguswa, na Bwana Rukonge aliuliza kwa adabu kama ana matumizi nayo.

Kamati ilikaa masika yote na sehemu ya kiangazi. Mwishowe zikapita rangi tatu: kahawia kwa udongo, nyeupe kwa amani, buluu kwa maji ya kisima. Na kwa kuwa kila mpangilio mwingine ulikuwa umeshachukuliwa, zikapangwa kwa namna ambayo haijawahi kuonekana katika utepe wa kivita hapa kwetu. Tepe zetu zote za vita zina pande mbili zinazolingana. Rangi inayoanza ukingo huu ndiyo inayomalizia ukingo ule. Huu ulianza na kahawia ukaishia na buluu. Waziri aliuita ubunifu wa karne.

*

Hapa pana jambo la kitaalamu, nalo ni jepesi.

Utepe ukiwa kifuani, utausoma kuanzia wapi? Chama cha Wakusanyaji husoma kutoka kushoto kwa anayeutazama, jinsi mtu anavyosoma gazeti. Kiwanda husoma kuanzia upande wa moyo wa aliyeuvaa, kwa heshima ya moyo. Simama mbele ya mwenzako utaona hizo ni pande mbili tofauti. Kwa miaka yote ofisi hizi zilikuwa zikisoma kwa kupishana na hakuna aliyegundua, maana utepe wenye pande sawa, uusome huku uusome kule, ni uleule.

Basi Kamati ilitamka "kahawia, nyeupe, buluu". Kiwanda kikafuma kuanzia moyoni. Chama kikaupokea, kikausoma kama gazeti, kikaona buluu, nyeupe, kahawia. Wakafungua Katalogi kuutafutia nafasi, wakakuta nafasi hiyo ina mwenyewe. Ilikuwa katika juzuu la raia, ambako tepe hazina nidhamu na pande hazilingani. Utepe wa buluu, nyeupe na kahawia ulikuwa wa Maonyesho ya Mifugo: Ng'ombe wa Maziwa, Mshindi wa Pili.

Najua unachotaka kusema. Si waugeuze juu chini? Ukiugeuza unasomeka sawasawa. Waziri alilijua hilo, Inginia alilijua, hata wafagiaji walilijua. Lakini kuugeuza kunataka sahihi ya mtu anayekiri kwamba ulikuwa umegeuzwa, na mtu wa namna hiyo hapa kwetu hajapatikana. Isitoshe, tepe zilikuwa zimeshapigiliwa kwenye masanduku, kila moja na kitambaa kidogo kilichoshonwa mkiani mwake, chenye jina la marehemu kwa wino. Na Katalogi haikosei. Ikasema hawa ni washindi wa pili wa maziwa, na hivyo ndivyo walivyoandikishwa. Kanuni za Maonyesho nazo zinakataza tuzo kwa mnyama aliyekufa. Kwa hiyo ofisi inayohusika, bila hila yoyote, iliwaandika wote kuwa hai.

*

Siku hiyo nilikuwa kwa dada. Yeye alikuwa barazani anapepeta mchele, mimi nasahihisha mitihani. Pikipiki ikasimama. Akashuka kijana mmoja safi, kofia mkononi, nyuma ya pikipiki kafunga ndoo mpya ya kukamulia na gunia la pumba.

"Hodi hapa! Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Mimi ni bwana mifugo wa wilaya. Naitwa Ngoda. Hapa ndipo kwa Kibwana?"

"Ndipo."

"Hongera sana, mama! Nimemletea zawadi yake. Ila kwa utaratibu lazima nimwone kwanza kwa macho, nihakikishe anaendelea vizuri."

Uteo ulimtoka dada mikononi, mchele ukamwagika baraza zima. Alisimama. Sijamwona akisimama kwa wepesi ule tangu tulipokuwa watoto.

"Yu hai?" alisema. "Mwanangu yu hai? Wapi? Nyie mmemwona wapi?"

Uso wake ulifunguka wote. Nimejaribu mara nyingi kuusahau uso ule, siwezi. Alikuwa ameshaanza kucheka, ameshageuka kuutazama mlango wa chumba cha Kibwana, nadhani alikuwa anafikiria kukitandika.

"Karatasi inasema yu hai, mama," alisema Ngoda, naye akicheka kwa kuiona furaha yake. "Tena ana afya njema. Inasema anatoa..." Akasoma mbele kidogo. Akaigeuza karatasi kana kwamba nyuma yake pameandikwa kitu cha kumwokoa.

"Inasema anatoa nini?" aliuliza dada.

"Mama, samahani. Kibwana ni nani?"

"Ni mwanangu. Alikwenda vitani."

Kijana yule alichuchumaa palepale kwenye mchele. Akasema, "Nisamehe, mama. Nisamehe. Mimi nilipewa orodha tu, sikujua." Akaanza kulia kama mtu aliyefiwa yeye. Ikawa dada ndiye anayembembeleza, anamwambia haya yamekwisha baba, anamwagiza jirani alete maji. Ngoda akanywa, akaondoka bila kututazama. Ndoo na pumba aliziacha, kwa sababu zawadi iliyokwisha kutolewa haina utaratibu wa kurudishwa.

Dada aliokota mchele wote, punje kwa punje. Nilipotaka kumsaidia alinizuia kwa mkono. Baadaye aliniambia, "Mfaume, mara ya kwanza waliponiambia amekufa, niliambiwa kwa simu. Leo nimemwona akifa."

*

Habari ya maziwa ikavuka mpaka. Jirani zetu, walewale wa kisimani, walicheka redioni kwao mchana kutwa. Waziri Makorongo alikasirika, na hasira yake kwa kweli ilikuwa ya kizalendo. Aliamuru tepe zote zing'olewe kwenye masanduku na kuchomwa moto.

Bwana Rukonge alikaribia kuzimia. Alikwenda kwa Waziri bila kofia. Akamweleza kwamba kwa mkusanyaji wa kweli utepe uliokosewa ni adimu kuliko uliopatia. Kwamba tangu wanadamu waanze kuvishana tepe haujatokea utepe mmoja wa kivita ambao papo hapo ni ng'ombe. Kwamba kuuchoma ni kuichoma heshima ya nchi. Waziri aliposikia neno heshima alilegea. Ikaamuliwa tepe zikabidhiwe Chama, zihifadhiwe, na ziingizwe katika Katalogi chini ya kichwa kipya: Toleo la Kinyume.

Wanachama walifika ghalani na vibano vyao na glavu zao. Kapteni Ndimbo alinisimulia mwenyewe jinsi walivyofanya kazi, na alisema hajapata kuona watu wanaoshika kitu kwa upole namna ile. Msumari uling'olewa bila uzi mmoja kukatika. Waliupuliza vumbi kila utepe. Halafu wakafika kwenye vile vitambaa vya majina vilivyoshonwa mkiani, wakavikata, kwa sababu maandishi ya wino hupunguza thamani ya hariri.

Hawakuvitupa. Nasema hili ili haki itendeke, Chama hakitupi kitu. Majina waliyapanga kwa alfabeti, ndani ya kisanduku kizuri. Tepe walizipanga kwa kufifia kwa rangi, iliyokolea mbele, iliyochujuka nyuma. Na walipoona masanduku yamekaa ovyo, kwa wema wao tu, bila kuombwa, waliyapanga nayo kwa jinsi wanavyojua: kwa urefu, milimita kwa milimita, kutoka fupi kwenda refu. Kila kitu kilipangwa vizuri sana, kila kitu peke yake.

"Ndugu zangu," Bwana Rukonge alisema katika hafla ya kumaliza kazi, "leo hakuna kitu ndani ya ghala hili ambacho hakijapangwa."

Kapteni akanyoosha mkono. "Na nani ni nani, mzee?"

"Hilo," alisema Bwana Rukonge, "si swali la kitaalamu."

Waziri alilitatua kwa busara. Alitangaza redioni kwamba sanduku lisilo na utepe wala jina si la vita wala si la mifugo. Ni sanduku tu, na serikali haina sababu ya kumnyima mwananchi sanduku. Familia zije. Kila familia ichukue moja, lolote.

Hapa ningetakiwa kuisifu tena serikali. Nitaisifu kesho.

*

Sisi tunakaa mbali na jiji kuu. Lori tulilokodi liliharibika njiani, na tulipofika ghalani milango ilikuwa wazi na ndani mwangwi mtupu. Kapteni Ndimbo alikuwa amekaa kwenye kile kiti alichowahi kumletea dada. Alipotuona alisimama, akakivuta kando.

Lilikuwa limebaki sanduku moja, kwenye kona ya mafupi. Fupi hasa. Ungedhani la mtoto wa shule.

"Marefu yamekwisha, mama," alisema Kapteni. "Yalikwenda kwanza. Kila mama aliyeingia humu alikimbilia marefu."

Nikaelewa. Kila mama humkumbuka mwanawe akiwa mrefu. Huyu wa sanduku fupi naye ana mama yake, na mama huyo alipita mbele yake asimwone, akaenda kumkumbatia mrefu wa mtu. Pengine alimkumbatia Kibwana.

"Dada," nilisema, "huyu si Kibwana. Kibwana hawezi kuenea humu."

"Naona, Mfaume. Sijapofuka."

"Basi tusimchukue. Twende kwa Waziri, tukalale mlangoni kwake mpaka watafute, waulize familia zote..."

"Waulize nini? Wafukue makaburi ya watu?" Alikuwa ameshalikaribia lile sanduku. "Kibwana ameshachukuliwa. Yuko kwa mtu, analiliwa. Huyu nikimwacha atabaki na nani? Na huyu Kapteni?"

Kapteni Ndimbo alitazama viatu vyake.

Dada aliupapasa mfuniko. Palikuwa na tundu dogo la msumari, akalifunika kwa kidole. Akainama, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti aliyokuwa akimwamshia Kibwana asubuhi za kazi, "Haya, baba. Umekaa sana peke yako. Twende nyumbani."

Tulimbeba mimi, Kapteni na dereva. Alikuwa mwepesi. Dada alikaa naye nyuma ya lori njia nzima, mkono juu ya mfuniko, na kila tulipopita kwenye mashimo nilimsikia akimwambia pole.

*

Mtaa mzima ulikuja. Wanawake walijaa uani, wanaume tukaenda makaburini, mahali palepale dada alipopataka tangu mwanzo, kando ya baba yake Kibwana. Sheikh Nurdini aliruhusu azikwe na sanduku lake kwa dharura. Tulishuka, tukampokea, tukamlaza, tukafukia. Nilifukia sana, zaidi ya zamu yangu, mpaka watu wakaninyang'anya jembe.

Kila mtu hapa kwetu anajua kinachofuata. Sheikh hukaa kichwani mwa kaburi akasoma talkini, akimkumbusha maiti majibu atakayowapa malaika wakija kumuuliza. Na ili maiti ajue kwamba ni yeye anayeambiwa, huitwa kwa jina lake na jina la mama yake. Huko baba hatajwi.

Sheikh Nurdini alikaa, akapangusa udongo magotini, akaniangalia. "Mwalimu, nimwite nani?"

"Jina lake hatulijui, sheikh."

Alitikisa kichwa taratibu. Alikuwa ameshasikia habari zote. "Haidhuru. Nitamwita mja wa Mungu. Na asiyejulikana mama yake huitwa mwana wa Hawa. Sote ni wa Hawa." Akafumba macho ili aanze.

"Hapana, sheikh," nilisema. "Mama yake anajulikana. Yuko nyumbani sasa hivi, amekaa matanga, na ameniagiza nikwambie."

Sheikh alifumbua macho. Watu wote waliokuwa wameanza kuondoka walisimama walipokuwa. Nikalitaja jina, naye akaliitikia kwa kichwa, akainama mpaka ndevu zikagusa udongo, akaita kwa sauti ya kumwamsha mtu:

"Ewe mja wa Mungu, mwana wa Mashavu."